Namna ya kutambua mshtuko wa mwili kwa mtu aliyeumia



Katika karatasi hii tunaongea mara nyingi juu ya mihogo, mpunga, kakao na mafuta ya ngazi. Leo tunaongea juu ya mtu mwenyewe anayelima. Kazi yetu inaumiza. Mtu anaanguka toka juu ya mungazi wakati anakata mikungu. Mti unaokatwa kwa kufungua shamba jipya unageuka na kuangukia upande usiotazamiwa. Panga linateleza na kuingia mguuni. Pikipiki yenye mifuko miwili ya mpunga na abiria juu yake inaingia katika shimo, kwenye barabara ya Banalia ao ya Bafwasende.

Mara nyingi aliyeumia hafi pale pale. Anaongea, anaomba maji, anasema: «Niko muzima, muniache nipumuzike kidogo.» Watu wanatulia, wanamwacha chini ya kivuli. Saa mbili nyuma, amekwisha. Hapo wengine wanasema amelogwa, wengine wanasema siku yake ilikuwa imefika.

Lakini mwili wake ulikuwa umetoa alama mapema. Alama hizo zinaonekana kwa macho na kwa vidole, bila mashine na bila diploma. Mwenye kuzijua anapata nafasi ya kumfikisha mgonjwa kwa munganga wakati bado anaweza kusaidiwa. Ndiyo sababu ya makala haya.

MSHTUKO GANI?

Mtu akipokea habari mbaya ya kifo, tunasema amepata mshtuko, ao «amepata shoki». Huo ni mshtuko wa roho, na chai ya moto na maneno mazuri vinaweza kumsaidia. Wanganga wanaposema mgonjwa yuko katika mshtuko, wanasema jambo lingine: damu inayozunguka mwilini haitoshi tena kupeleka oksijeni kwenye ubongo, moyo na figo. Mshtuko wa namna hiyo unaua, na chai haiuponyeshi.

Mfikirie kijito kinacholisha mabwawa matatu ya samaki. Wakati maji yanapunguka, mfugaji anafunga mifereji ya mabwawa mawili madogo, ili lile lenye samaki wazazi lisikauke. Mwili unafanya vile vile. Damu ikipunguka, unafunga mishipa ya ngozi, ya mikono na ya miguu, na unausukuma moyo ukimbie, ili damu iliyobaki ifike kwanza kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Ndiyo maana ngozi inakuwa baridi na moyo unakwenda mbio. Kwa wakati fulani mwili unafaulu, na mgonjwa anaonekana mzima. Kisha nguvu zinakwisha, na kila kitu kinaanguka kwa mara moja.

Mshtuko unaweza kutoka pia kwa moto ao mafuta yaliyochemka na kuunguza sehemu kubwa ya mwili, kwa kuhara kwingi, ao kwa kuumwa na nyuki wengi. Lakini kwa mtu aliyepata ajali, kwanza mfikirie damu.

BIDONI YA LITA TANO

Mtu mzima ana damu karibu lita 5, ni kusema bidoni moja ndogo ya mafuta. Mpime sasa kwa chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72.

Akipoteza chupa moja, mwili unavumilia na alama ni kidogo sana.

Akipoteza chupa mbili, moyo unakimbia, ngozi inapoa, kiu inaanza, na mgonjwa hatulii. Hapa ndipo sherti mumtambue.

Akikaribia chupa tatu, anaanza kuchanganyikiwa, mapigo kwenye mkono hayasikiki vizuri, anasinzia. Hapa kifo kiko karibu.

Mtoto wa kilo 20 ana damu lita moja na nusu tu, ao zaidi kidogo. Chupa moja ambayo baba yake angeivumilia, kwake ni karibu nusu ya damu yote. Tena mwili wa mtoto unapigana vizuri kwa muda mrefu, kisha unaanguka ghafula. Hapana kusubiri alama nyingi kwa mtoto.

ALAMA SITA ZA KUANGALIA

1. Ngozi. Gusa mikono na miguu kwa mgongo wa mkono wako. Ngozi ya mtu mwenye mshtuko ni baridi na yenye jasho, hata wakati jua ni kali. Jasho baridi kwa mtu aliyeumia ni alama kubwa.

2. Rangi. Kwa ngozi nyeusi, hapana kuangalia uso tu. Vuta kidogo kope ya chini ya jicho uangalie ndani. Angalia midomo, ufizi, ulimi na viganja. Kama nyekundu ya kawaida imepotea na sehemu hizo zimekuwa nyeupe ao za majivu, damu imepunguka.

3. Ukucha. Bonyeza ukucha wa mkono mpaka uwe mweupe, kisha achia. Kwa mtu mzima wa afya, wekundu unarudi ndani ya sekunde 2. Ukichelewa kupita sekunde 3, ni alama mbaya.

4. Mapigo ya moyo. Weka vidole viwili kwenye mkono wa mgonjwa, chini ya kidole gumba. Hesabu kwa sekunde 15 kwa saa ya telefoni, kisha zidisha kwa 4. Mtu mzima anayepumzika ana mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Akiwa amelala chini na mapigo yanapita 100, uwe na mashaka. Yakipita 120, ao yakiwa membamba kama uzi, ni hatari. Usipoyasikia tena mkononi lakini unayasikia shingoni, mgonjwa yuko mbali sana.

5. Pumzi. Mtu mzima anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akipumua mbio mbio kupita mara 30, mwili unatafuta oksijeni na haupati.

6. Akili. Muulize jina lake, jina la kijiji, na jambo gani limetokea. Mtu anayehangaika, anayetaka kusimama na kukimbia, anayetukana wanaomsaidia, si mkaidi wala hana pepo: ubongo wake unakosa damu. Akianza kunyamaza na kusinzia, hapana kusema «Sasa amepata nafuu». Ni kinyume.

Alama mbili kati ya hizi, kwa mtu aliyeumia, zinatosha. Hapana kungojea zote sita. Rudia kuangalia kila dakika 5 na kuandika, kwa sababu mwendo wa alama unasema zaidi ya hesabu moja. Mapigo 90, kisha 104, kisha 118: huyo anakwenda kubaya hata kama bado anacheka.

DAMU INAPOJIFICHA

Kidonda kinachomwaga damu kinatisha watu wote, kwa hiyo kinapata msaada haraka. Hatari zaidi ni damu inayomwagika ndani, bila tone moja kuonekana.

Tumbo. Hapa kwetu malaria inavimbisha bandama ya watu wengi, na bandama iliyovimba inapasuka kwa pigo dogo: mpini wa baiskeli, teke, kuangukia kisiki. Tumbo linalouma, linalokuwa gumu kama ubao ao linalozidi kuvimba baada ya ajali, ni la hospitali siku ile ile. Wengine wanasikia maumivu juu ya bega la kushoto. Nayo ni alama ya bandama.

Paja. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja na zaidi inaweza kuingia ndani ya nyama. Mguu unavimba tu.

Nyonga. Aliyebanwa na gogo ao aliyeanguka kutoka juu, asiyeweza kuinua miguu na anayeumia kwenye kiuno, anaweza kupoteza lita 2 ndani. Hapana kumtikisa wala kumfungua miguu kwa kujaribu. Mfungeni kikwembe kipana na kwa nguvu kuzunguka nyonga.

Kifua. Mbavu zilizovunjika, pumzi fupi, mate yenye damu.

Tuseme mkataji wa ngazi ameanguka toka juu ya mungazi, kimo cha nyumba mbili. Hana kidonda. Anasema tumbo linamuuma kidogo. Mkono ni baridi, mapigo ni 112. Huyo anatangulia kuondoka kabla ya mwenzake aliyejikata kidole na kulowesha shati zima.

Na mwingine: aliyeanguka, ambaye hasikii miguu, ngozi yake ina joto na mapigo ni ya polepole lakini amelegea na kizunguzungu kinamkamata. Huyo anaweza kuwa ameumia uti wa mgongo. Naye ni wa haraka, na sherti abebwe kama gogo moja, bila kukunjwa.

Mama mwenye mimba anahitaji macho zaidi. Mwili wake una damu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo alama zinachelewa kuonekana wakati mtoto tumboni tayari anateseka. Mlazeni kwa upande wa kushoto. Na mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anasomwa kwa alama hizi hizi sita.

YA KUFANYA

Kwanza, jilinde wewe mwenyewe. Ondoeni pikipiki barabarani, angalieni kama mti mwingine hautaanguka. Vaa glavu, kama hakuna, ingiza mkono ndani ya mfuko safi wa plastiki.

Simamisha damu inayoonekana. Weka kitambaa safi juu ya kidonda na bonyeza kwa nguvu, kwa mikono miwili, kwa dakika 10 bila kufungua kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na uendelee kubonyeza. Kidonda kirefu kinajazwa kitambaa ndani mpaka chini, kisha kinabonyezwa.

Damu ya mkono ao mguu ikikataa kabisa kusimama, tumia garo. Chukua kitambaa kipana vidole vitatu, kifunge vidole vinne juu ya kidonda, si juu ya goti wala kiwiko. Ingiza kijiti, zungusha mpaka damu isimame, kisha funga kijiti kisirudi. Andika saa kwenye paji la uso ao kwenye mkono wa mgonjwa. Hapana kutumia waya, wala nailoni ya kuvulia, wala kamba nyembamba. Hapana kulegeza njiani. Munganga ndiye atalegeza. Jitahidini afike mbele ya saa 2 kupita. Kwa kuumwa na nyoka, garo haitumiki.

Mlaze mgonjwa chali. Ukimkalisha, damu kidogo iliyobaki haifiki kichwani. Akiwa amezimia lakini anapumua, mgeuze kwa upande pamoja na kichwa na shingo ili matapishi yasimzibe.

Mfunike. Blanketi, kikwembe, shati, hata majani makavu ya ndizi chini ya mgongo. Mwili uliopoa haugandishi damu vizuri, na damu inazidi kutoka. Mtu mwenye mshtuko anasikia baridi hata saa sita mchana.

Ongea naye. Umwambie ni nini mnafanya na mnakwenda wapi.

HAPANA KUFANYA

Mengi yanaua kwa nia njema.

Hapana kumpa maji, chai, ao chakula, hata akilia kwa kiu. Kiu ile ni ya damu. Akitapika atazibwa, na munganga mpasuaji anataka tumbo tupu. Lowesha midomo yake kwa kitambaa.

Hapana kumpa lotoko «apate nguvu». Pombe inafungua mishipa ya ngozi ambayo mwili umeifunga kwa kujiokoa.

Hapana kumwagia maji baridi ili aamke.

Hapana kuchomoa kisu, kijiti ao chuma kilichobaki mwilini. Kifungeni pale kilipo, kisicheze. Matumbo yakitoka nje, hapana kuyarudisha; yafunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi.

Hapana kukanda tumbo, wala kuweka udongo, kahawa, mafuta ya pikipiki ao majani ndani ya kidonda.

SAA YA AJALI IANDIKWE

Mkifika kwenye kituo cha afya, neno la kwanza kumwambia muuguzi liwe saa ya ajali. Kuna sababu. Mwaka 2010 uchunguzi mkubwa ulioitwa CRASH-2, uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 20 000 katika hospitali 274 za nchi 40, ulionyesha kwamba dawa moja, asidi traneksamiki, inapunguza vifo vya watu waliojeruhiwa na kutoka damu. Dawa hiyo si ya bei kali. Lakini inasaidia ikitolewa mbele ya saa 3 tangu ajali, na mapema ni bora. Ikitolewa baada ya saa 3 inaweza kuleta hasara. Bila saa, muuguzi hajui kama anaponyesha ao anaumiza. Dawa hiyo haisimami pahali pa serumu, damu na upasuaji. Inaongeza nafasi tu.

Kwa hiyo karatasi ndogo iende pamoja na mgonjwa: saa ya ajali, namna alivyoumia, mapigo mliyoyahesabu na saa yake, saa ya garo, na kama ni mama mwenye mimba. Muombe pia chanjo ya pepopunda.

Kumbukeni njia zetu. Kisangani haina daraja juu ya Mto Kongo. Anayeletwa toka barabara ya Opala ao ya Ubundu anafika Lubunga, kisha anavuka kwa mtumbwi ao bak kabla ya kugusa Makiso. Usiku, kutafuta mpiga kasia peke yake kunaweza kula nusu ya saa zile 3. Hapana kupita kituo cha afya kilicho karibu kwa haraka ya kufika mjini: pale mgonjwa anaweza kutiwa serumu, kufungwa vizuri, na muuguzi anaweza kupiga telefoni mbele.

Pikipiki inafaa kwenda kumwita muuguzi ao kutafuta gari. Mtu mwenye mshtuko, aliyebanwa wima kati ya motari na ndugu yake, mara nyingi anazimia njiani. Tipoyi ya miti miwili na mifuko miwili ya mpunga iliyotobolewa chini inamfikisha akiwa amelala. Watu 8 wakibadilishana, inakwenda vizuri.

WAKIUMIA WENGI PAMOJA

Tarehe 8 Julai 2011 ndege yenye watu zaidi ya 100 ilianguka ikijaribu kutua katika mvua kwenye uwanja wa Bangoka, hapa Kisangani, na zaidi ya watu 70 walikufa. Kwetu vijijini hatungojei ndege: kamio inayopinduka na wachuuzi juu ya mizigo, ao balenieri inayogonga gogo, inaacha majeruhi 20 kwa dakika moja.

Siku kama hiyo kila mtu anamkimbilia anayelia kwa sauti. Anayelia anapumua, na damu bado inafika kichwani mwake. Pita kwanza kwa wale walionyamaza. Gusa mkono, angalia kope, hesabu pumzi. Mtu mmoja asiyebeba mgonjwa yeyote asimame na kupanga: nani anaondoka sasa, nani anaweza kungoja, nani anatembea mwenyewe. Wanaoweza kutembea wanaweza kubonyeza vidonda vya wengine.

KAZI YA KOPERATIVE

Munganga hawezi kuwa katika kila shamba, lakini koperative iko. Tunaomba komite ziweke jambo hili kwenye mkutano unaokuja na kujibu maswali haya:

— Tipoyi yetu iko wapi, na nani ana ufunguo wa depo usiku?

— Katika mfuko wa msaada, tunaweka kiasi gani kwa usafiri wa mgonjwa, na nani anaruhusiwa kukitoa bila kungoja mkutano?

— Namba ya muuguzi, ya mwenye gari na ya mpiga kasia zimeandikwa ukutani? Kuna telefoni yenye uniti kila siku?

— Wanakoperative wangapi wanajua grupu yao ya damu? Hospitali nyingi zinategemea ndugu na rafiki kwa kupata damu. Watu watatu wazima wanaomfuata mgonjwa wakiwa tayari kutoa wanamfaa zaidi ya kumi wanaobaki kulia.

— Kila timu inayokwenda kukata ngazi ao kuangusha miti ina mtu mmoja anayeweza kuhesabu mapigo?

Njia ya kujifunza ni rahisi. Mkimaliza mkutano, kila mtu ashike mkono wa jirani yake na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15. Abonyeze ukucha wake. Aangalie ndani ya kope yake. Anayejua mwili wa mtu mzima ulivyo siku ya amani hatadanganyika siku ya ajali. Waalikeni pia akina mama, vijana wa motari na wahamasishaji wa afya wa kijiji, kwa sababu wao ndio mara nyingi wanafika wa kwanza.

Mkato wa maneno kwa kukumbuka: ngozi baridi, kope nyeupe, moyo mbio, akili imechanganyikiwa. Bonyeza damu, mlaze, mfunike, hapana kumnywesha, andika saa, ondokeni.